Mwisho wa Upande wa Pili

Kuna watu hapa Garissa ambao mpaka leo ukitaja jina la Yurub wanatema mate pembeni. Wapo wengine wanaosema alikuwa walii. Wote wananiudhi. Wale wa kwanza walikula kwa jasho lake miaka mingi, na wale wa pili hawakumletea hata kikombe cha chai siku alipokuwa akifunga virago. Mimi Maka niliuza vitambaa kibanda kimoja na yeye katika Suq Mugdi, lile soko letu la vichochoro vya turubai ambamo hata mchana unakata kitambaa kwa taa. Nilikuwapo alipokuja na nilikuwapo alipoondoka. Nitasema nilichokiona, anayetaka kutia chumvi atie kwenye mchuzi wake.

Alikuja mwaka wa tisini na moja, wakati watu wa ng'ambo ya mpaka walipokuwa wakimiminika mjini kwa malori na kwa miguu. Nilisikia sauti yake kabla ya kuuona uso. Nilikuwa nimeinama chini ya meza natafuta mkasi, mtu akasema juu yangu, "Abaayo, dada yangu, mita ya kitambaa hiki ni bei gani?" Nikabaki nimeinama vilevile. Sauti ile niliijua. Marehemu baba alikuwa akiweka redio dirishani kila jioni, akitunyamazisha watoto wote, na mwanamke huyo alitusomea habari kutoka Mogadishu: ukame, mapinduzi ya nchi za watu, mechi za mpira. Nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kukohoa akisoma. Sasa nainuka, naona mwanamke aliyekonda, kandambili moja nyekundu na nyingine buluu, ameshika mkono wa msichana mdogo mwenye midomo iliyopasuka kwa kiu. Mtoto huyo alikuwa Ikran, bintiye.

"Wewe ni yule wa redio," nikamwambia.

Aliangalia nyuma kwanza, kama wanavyofanya waliokimbia. "Nilikuwa," akasema.

Hakununua kitambaa. Nilimpa maji, kisha nikampa nusu ya meza yangu, na sikufanya hivyo kwa wema peke yake. Nilitaka kuisikia sauti ile mchana kutwa, bila kungoja jioni.

Alianza na redio kaseti moja iliyong'oka kifuniko, akaifunga kwa ukanda wa mpira. Watu wetu si watu wa barua. Kijana akitaka kumwarifu mama yake aliyeko Rhamu kwamba ameoa, anataka mama asikie furaha yenyewe, siyo aisome kwa mdomo wa mwalimu wa jirani. Basi walikuja, wakakaa kwenye kigoda mbele ya kinasa sauti, wakasema yao, na kaseti ikapanda gari. Wengine walikuja kutafuta waliopotea vitani. Hao walisema jina, jina la baba, la babu, la babu wa babu, mpaka nilikuwa nikisahau nakata gauni la nani.

Miaka haikupita mingi Yurub akaona mbali zaidi. Akatengeneza kaseti ya kila wiki, tukaiita Kaseti ya Ijumaa kwa sababu ilitoka baada ya swala. Upande wa kwanza ulikuwa na habari: nani ameonekana, nani amezaa, nani amefariki, bei ya mbuzi na ngamia, wapi kuna maji. Upande wa pili ulikuwa mashairi ya wanawake, yale tunayoyaimba kwa kupiga makofi harusini. Na mwisho kabisa wa upande wa pili aliacha kipande kitupu. Kila wiki baada ya shairi la mwisho alisema maneno yaleyale, "Sasa ni zamu yenu," kisha kimya. Hapo mwenye kaseti alibonyeza kitufe, akatia salamu zake, akaipeleka kaseti mbele kwa jamaa zake. Nyingi zilizunguka zikarudi kibandani kwetu zimejaa sauti za watu, na katika salamu hizo Yurub akaokota habari za wiki inayofuata. Nilikuwa nikimtania kwamba wasikilizaji wake wanamfanyia kazi na bado wanamlipa. Akicheka, alicheka kwa pua, hakutaka kuharibu koo.

Kufikia mwaka wa tisini na sita alikuwa na mashine za kunakili kaseti nyingi kwa mpigo, jenereta yake mwenyewe, na wanawake wawili aliowaajiri. Kaseti zake zililia katika hoteli za chai za Wajir, Diff, Rhamu, mpaka kwenye mahema ya wafugaji. Wafanyabiashara walimwomba awataje. Mwanamke aliyekuja na kandambili zisizofanana akawa anaamkiwa na wanaume kabla hawajaamkiana wenyewe. Nilimwonea fahari, na siku nyingine, niseme kweli, wivu pia.

Lakini hakuwa na kitambulisho. Wala hakuwa na ukoo wa hapa. Alichokuwa nacho ni Haji Kulow.

Kulow alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mwenye malori yanayopeleka mbuzi na ng'ombe Nairobi na kurudi na unga na sukari. Alipenda sauti ya Yurub kama sisi sote, na mwaka ule wa kwanza alisimama mbele ya wazee akasema mwanamke huyu ni magan yake. Magan ni mgeni uliyemweka chini ya kwapa lako. Anayemgusa amekugusa wewe na ukoo wako wote. Malori yake yakabeba kaseti bure. Askari walipofanya misako ya wageni ili kuwarudisha kambini, Kulow alijitokeza na fimbo yake na kuwaambia, "Afande, huyu ni mtu yangu. Wacha yeye." Wakamwacha. Na Ikran alipofanya mtihani wa darasa la nane, akapita vizuri kuliko watoto wetu, ni Kulow aliyeahidi kusimama kama mlezi wake ili aingie sekondari ya wasichana hapahapa mjini. Mimi nilikuwa nimeshakata kitambaa cha sare.

Kulow alikuwa na tabia moja iliyonikera. Aliongea nasi Kisomali, kama watu wote, ila alipotaka kumkumbusha Yurub kwamba ni mgeni alihamia Kiswahili. Yurub alikielewa kwa shida. Basi Haji anasimama pale kibandani, anakizungumza kwa sauti, na Kiswahili chenyewe ni kibovu kama barabara ya Liboi, lakini kilimtosha kumfanya mwanamke ajione mdogo.

Kisha zikaja mvua za mwishoni mwa tisini na saba. Sijaona mvua kama zile, na sitaki kuziona tena. Mto Tana ulipanda ukala mashamba, barabara zikakatika, malori yakazama mpaka vioo. Sisi tuliozoea kuomba mvua tulikaa juu ya meza tukiomba ikatike. Mbu walikuwa wengi hata ukifungua mdomo unameza. Katikati ya maji hayo wanyama wakaanza kutupa mimba, zizi zima kwa wakati mmoja, na wengine kutoka damu puani. Wazee walisema ni sandik, ugonjwa wa zamani. Wengine walisema ni baridi tu.

Siku moja ikaja kaseti kutoka Bura, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, imepita majini kwa ngamia. Ilikuwa ya Abdille, mwenye hoteli ya chai kule, ambaye miaka yote ndiye alikuwa jicho la Yurub upande wa Fafi. Tulimjua kwa mzaha wake, lakini siku hiyo hakutania.

"Yurub, dada yangu," sauti ilisema, "huku mambo si mazuri. Waliochinja mbuzi wagonjwa wanashikwa na homa, kisha wanatoka damu mdomoni. Tumezika majirani. Sijui ni nyama, sijui ni maji. Waulize madaktari wa mjini tufanye nini, utuambie kwenye kaseti. Hatufanyi kitu mpaka tukusikie."

Msomaji asiye mfugaji anaweza kuuliza, kwa nini uchinje mnyama mgonjwa? Kwetu mnyama akikata roho bila kisu ni kibudu, haramu, unamtupia fisi. Na mali ni yule mnyama. Kwa hiyo ukiona miguu inamtetemeka, unamwahi na kisu, unasema bismillahi, watoto wanakula. Ndivyo tulivyofanya tangu enzi za babu zetu. Mwaka ule desturi hiyo ndiyo iliyotumaliza.

Yurub alikwenda kumwuliza daktari mmoja kijana mwenye kliniki karibu na msikiti. Akarudi amelowa mpaka magoti, uso umemshuka. Daktari alikuwa amemwambia wazi: ugonjwa unapita kwenye damu. Msichinje mgonjwa, msimchune, msiguse mimba iliyotupwa, chemsheni maziwa.

"Basi sema," nikamwambia. "Ijumaa hii. Jambo la kwanza."

Lakini Kulow alikuwa ameshasikia alikokwenda, maana Garissa huwezi kupiga chafya bila mtu wa upande wa pili wa mto kukuombea rehema. Akaja kibandani mwenyewe, kanzu ameipandisha kwa ajili ya matope, akasimama mbele ya mashine. Alianza kwa Kisomali, kwa upole. Alisema ana mifugo zizini inayongoja barabara ifunguke, na wanunuzi wa Nairobi wanangoja. Neno moja la ugonjwa kwenye Kaseti ya Ijumaa na hakuna atakayenunua hata kwato. Yurub akasema watu wanakufa. Hapo Haji akahamia Kiswahili.

"Mama, wewe nakaa haba kwa sababu ya nani? Si mimi? Hii kaseti nabanda gari ya nani mbaka Wajir? Soko ikifungwa, mimi nakula nini? Fumbi?" Akamwangalia Ikran, aliyekuwa akinisaidia kukunja vitambaa. "Na huyu mtoto naingia shule na jina ya nani?"

Akaondoka. Ikran aliendelea kukunja kitambaa kilekile kilichokuwa kimeshakunjwa.

Nawaambia nilivyojua wakati ule, na Yurub alijua zaidi yangu. Akisema, Kulow ataondoa mkono wake. Mkono ukiondoka, askari watakuja, na yeye na mtoto watapandishwa lori kwenda kambini Dadaab, kwenye hema, na Ikran hatavaa ile sare. Asiposema, Abdille na watu wa Bura wanangoja. Alikaa na hayo mpaka Ijumaa, hali, hanywi ila chai.

Kisha akapata wazo, na alipoliona lile wazo alipata hata nguvu za kutabasamu. Angeweka onyo mwisho wa upande wa pili, kwenye kile kipande kitupu, baada ya maneno "Sasa ni zamu yenu." Kulow na wanunuzi wake husikiliza bei tu, upande wa kwanza, wakizidi sana husikiliza mashairi. Abdille, anayengoja jibu, ataisikiliza kaseti mpaka utepe uishe.

"Hapana," nikasema. "Utasema au utanyamaza. Hapo katikati hakuna kitu cha kukalia."

"Maka, wewe una kitambulisho," akanijibu.

Niliudhika, lakini ni kweli ninacho. Akarekodi onyo kwa ile sauti yake ya kusomea habari, taratibu, kila neno limesimama peke yake. Mvua ikapumzika kidogo, na Alio, dereva wa lori dogo la Kulow, akazipeleka kaseti Bura kwa njia ya mchanga bila kujua amebeba nini.

Wiki zikapita. Ramadhani ikaingia. Alio akarudi, akatua mfuko wa kaseti zilizozunguka, akasimama pale mlangoni hataki kuondoka. Ilikuwa saa za adhuhuri, wateja wapo, mimi napima shela. Yurub akatoa kaseti yenye alama ya Abdille, akaipeleka mbele mpaka mwisho wa upande wa pili, akabonyeza.

Shairi la mwisho likaisha. "Sasa ni zamu yenu," ikasema sauti yake. Halafu tukasikia kitufe kikibonywa, na badala ya onyo ikaja sauti ya Raho, mke wa Abdille, mwanamke mnene mcheshi niliyemshonea nguo za harusi mbili za mabinti zake.

"Yurub, dada, nyumba ya Abdille inakusalimu. Betri hakuna huku, tumeazima kwa jirani, kwa hiyo sitasema mengi. Upande wa kwanza tuliusikiliza neno kwa neno. Abdille alikuwa amekataza watu kuchinja, alisema tungoje, Yurub atatuambia. Hukusema kitu juu ya ugonjwa, tukasema alhamdulillahi, kumbe ni mvua tu. Basi sasa tunawawahi na kisu wasife kibudu. Nyama ni nyingi mpaka watoto wameichoka!" Nyuma yake watoto walicheka kweli. "Mwambieni Habibo binti yangu huko Diff, barabara ikikauka aje kwao ale. Nimemkatia nyama, nimemkaushia. Haya, betri za watu."

Kitufe kikalia tena. Na kwa kuwa salamu za Raho zilikuwa fupi kuliko onyo, mkia wa onyo ulikuwa umebaki. Ikatoka sauti ya Yurub, safi, imekatwa katikati: "…wala msiguse damu yake. Anayesikia amwambie asiyesikia."

Utepe ukaisha. Walikuwa wamefanya kama walivyozoea miaka yote. Wakisikia zamu yenu, kidole kiko kwenye kitufe tayari, hasa siku ambayo betri ni za kuazima. Yurub mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo, na Yurub mwenyewe alisahau.

Alio alisema pale mlangoni, "Eeddo, shangazi, nyumba ile imefungwa. Abdille, Raho, na wale wadogo wote. Nilikuta majirani wanamwaga chokaa."

Nilitaka kumkumbatia Yurub na nilitaka kumpiga, vyote kwa pamoja, na sikufanya hata kimoja. Mteja wangu aliweka shela mezani akaondoka. Ikran alikuwa amesikia kila kitu. Alimwangalia mama yake, akaenda akakaa kwenye magunia nyuma, akajifunika uso kwa hijabu.

Yurub hakulia. Alivuta kiti, akaweka kaseti mpya, akaanza kurekodi hapohapo mchana, jenereta inanguruma na watu wanapita. Hakukuwa na bei za mifugo wala shairi. Alianza na onyo, akalirudia. Kisha akasoma majina ya waliokufa Bura, mmoja mmoja na ukoo wake, akianza na nyumba ya Abdille. Upande wa pili akarudia yaleyale mpaka mwisho, hakuacha zamu ya mtu. Kaseti zilipotoka kwenye mashine alivunja vile vijino vidogo vya nyuma kwa kisu ili kinasa sauti kisiweze kuandika juu yake. Siku ya mnada alimlipa mwenye hoteli inayotazamana na soko la mifugo, akafunga spika juu ya bati.

Nilikuwa pale. Kwanza watu walidhani ni mawaidha ya Ramadhani. Halafu wakasikia damu, wakasikia jina la Abdille. Mwanamume mmoja aliyekuwa ameshika mbuzi kwa sikio alimwachia, akaitazama mikono yake. Wanunuzi walirudi kwenye magari yao. Kabla ya adhuhuri soko lilikuwa tupu, na siku chache baadaye madaktari wa mifugo wakaja na kulifunga rasmi. Najua kuna waliopona kwa sababu ya spika ile. Hao hamtawasikia wakisema, maana mtu aliyepona hajui angekufa. Waliopoteza mali ndio waliosema, na walisema Yurub ameleta ugonjwa kwa mdomo wake. Eti ungenyamaziwa ungepita.

Haji Kulow hakuja kugombana. Alingoja tu. Askari walipokuja sokoni kuuliza wageni wasio na karatasi, alikuwa ameketi kwenye duka la sukari linalotutazama, fimbo magotini. Afande akamwuliza, kama ilivyokuwa desturi, huyu mama vipi.

"Mimi sijui yeye," Kulow akasema. "Metoka huko."

Wakampa muda mpaka kesho yake afunge vitu vyake.

Siku hiyo ya kufunga nilikaa naye. Mashine alishaziuza kwa bei ya kutupa kwa mtu nisiyetaka kumtaja, amebakiza ile ndogo yenye nafasi mbili za kaseti, ambayo mnunuzi angeichukua jioni. Ikran alikuwa akifunga sufuria kwa kamba. Ile sare niliyomshonea ilikuwa kwenye mfuko wangu, na sikujua nimpe au nisimpe. Ndipo akaingia mwanamke mwenye buibui jeusi lenye matope ya safari mpaka kiunoni, na mtoto mgongoni. Alimsalimu Yurub kwa heshima, akaitika salamu zangu, akasema yeye ni Habibo, binti wa Abdille, anatoka Diff. Alikuwa amepita Bura, hakukuta mtu. Alio ndiye aliyemwambia kwamba mama yake alimwachia salamu kwa jina.

"Sina kitu chao hata kimoja, habaryar," alimwambia Yurub. Habaryar ni mama mdogo. "Waliteketeza kila kitu, hata mikeka. Nimekuja niisikie sauti ya mama, na unipe nakala niende nayo."

Yurub aliitoa ile kaseti ya Raho kifuani, ndani ya nguo. Sikujua kwamba aliibeba. Akamkalisha Habibo kwenye kigoda, akatafuta mahali, akabonyeza huku nakala inaandikwa upande wa pili wa mashine.

Raho akaongea. Habibo alishika mdomo kwa mikono miwili. Aliposikia watoto wakicheka alicheka nao, na machozi yanamwagika, akamtoa mwanawe mgongoni akamsogeza karibu na spika. "Msikie nyanya," akamwambia. "Msikie. Anasema ametukatia nyama." Mimi niligeuza uso ukutani.

Haya, betri za watu, akasema Raho.

Kidole cha Yurub kilikuwa juu ya kitufe cha kuzimia. Nilikiona. Angekibonyeza tu hapo, na Habibo angeondoka na mama yake mzima, na hakuna binadamu duniani angejua zaidi, isipokuwa mimi na Ikran. Nilimwombea kwa moyo wangu wote akibonyeze. Yurub aliondoa kidole, akaweka mkono mapajani.

"…wala msiguse damu yake. Anayesikia amwambie asiyesikia."

Habibo aliinua kichwa. Aliitazama mashine, kisha Yurub, kisha mashine tena. Hakuwa mjinga, alikuwa binti wa Abdille, amekulia kwenye hoteli ambamo Kaseti ya Ijumaa ililia kila wiki. Alijua kipande kile ni cha nini na kinaanzia wapi.

"Hiyo ni sauti yako," akasema.

"Ndiyo."

"Ulijua kabla."

"Nilijua. Baba yako aliniuliza, na nilikuwa na jibu. Niliogopa kuliweka mbele."

Mtoto wa Habibo alikuwa akivuta waya wa mashine. Nilidhani atampiga, au atapiga ukelele, na kusema kweli ningefarijika. Habibo alimchukua mwanawe, akamfunga tena mgongoni, akakaza fundo kwa nguvu. Kisha akatoa ile nakala kwenye mashine kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka mezani mbele ya Yurub.

"Nipe nyingine," akasema. Hakumwita habaryar. "Ya mama peke yake. Sitaki sauti yako ndani."

Yurub aliweka kaseti tupu. Akairudisha ile nyingine nyuma kidogo kidogo, akisikiliza, mpaka akalipata lile neno lake, zamu yenu, akalivuka. Akaanza kunakili. Raho akaongea tena, watoto wakacheka tena. Safari hii mwanamke ambaye baba yangu alitunyamazisha kwa ajili yake aliinama juu ya mashine, kidole tayari, akizuia hata pumzi zake, na Raho alipotamka neno la mwisho akabonyeza.